Ushuhuda wa Jibini

Ukimuuliza Mama Domitille habari za siku, angekujibu, "Niko na Mungu, niko sawa," kwa sauti ile ile ambayo mtu hutumia kukutajia namba ya nyumba yake. Mtaa wa Mapendo, mjini Goma, ulikwisha kumzoea. Alikuwa amepoteza malisho huko Masisi, kisha ng'ombe, kisha mumewe Onésime, kwa mpangilio huo, katika vita ambavyo baada ya miaka kumi na miwili alikuwa ameacha kuvitenganisha. Sasa alikuwa na nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, binti mmoja, Joyeuse, na meza ya kuuzia jibini la ng'ombe wa watu wengine. Aliridhika. Mtume Paulo, alipenda kusema, hakuzaliwa ameridhika. Alijifunza, tena gerezani. Na Mapendo si gereza, ingawa mvua ikinyesha mtu anaweza kubishana.

Kutoka Masisi alikuja na kitu kimoja tu cha kudumu, nacho ni ushuhuda.

Onésime alikuwa fundi wa jibini. Alipokufa aliacha rafuni duara moja la jibini la kilo nne, la mwisho kutiwa chumvi kwa mkono wake. Siku ya kukimbia, Domitille alilifunga kwa kitenge akalibeba mgongoni kama mtoto mchanga. Kwenye kizuizi cha barabarani, kabla ya mji wa Sake, askari walikuwa wanawanyang'anya watu chakula, ila wenye vichanga waliwapungia mkono wapite.

"Mutoto analala?" askari aliuliza.

"Analala, shefu."

"Mbona ananuka maziwa?"

"Mutoto gani hanuki maziwa?"

Wakampitisha. Katika kambi ya wakimbizi alilikata vipande vyembamba, akawagawia na majirani wa hema, na jibini likadumu siku tisa. Pale, alisema, ndipo Mungu alipomfundisha kwamba tumbo ni dogo kuliko linavyojidai.

Aliyeisikia habari hii mara nyingi kuliko wote ni rafiki yake Perpétue, mke wa karani, mtu wa upande wa Bukavu, aliyefika Goma kwa boti, mchana kweupe, na masanduku manne. Perpétue alilelewa Mkatoliki, akahamia kwa Waprotestanti kwa sababu kanisa lao lilikuwa karibu zaidi, na mvua ya Goma haijali mafundisho. Miaka kumi walikaa benchi moja. "Nielezee tena ile ya fromaji," alikuwa akisema, akiita jibini kwa Kifaransa, naye Domitille alielezea, akidhani huo ni upendo. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa anakariri.

Ikaja sikukuu ya bamama, wanawake wa kanisa. Somo lilikuwa kuridhika na majira uliyo nayo, na Perpétue akaitwa mbele kushuhudia. Alipotaja kitenge na jibini, Domitille alijinyoosha mabega, tayari kusimama atakapotajwa.

"Na ule mama," Perpétue alisema, akijigusa kifua, "alikuwa mimi."

Kanisa lilicheka penye kucheka na kulia penye kulia. Ukweli lazima usemwe: Perpétue aliisimulia vizuri zaidi. Askari wake alikuwa na sauti nzito na jicho moja jekundu. Lakini alisema alikamua ng'ombe asubuhi na saa sita jibini lilikuwa tayari, na hilo lilimuuma Domitille karibu kuliko wizi wenyewe. Jibini la Masisi hulala rafuni wiki kadhaa, likigeuzwa kila siku. La saa sita ungelibeba kwa ndoo.

Nje alimshika mkono. "Perpétue. Ile ilikuwa yangu."

"Mama Domi, usikasirike. Mimi sina ushuhuda. Nitasema nini, boti ilifika saa yake?"

"Ungesema ni ya rafiki."

"Ya rafiki hailizi watu." Akaenda kupigwa picha.

Domitille alimwendea Mama Mukabalisa, aliyepanga mashahidi, akamweleza polepole. Mama Mukabalisa alimhurumia sana. "Mama, ile njo ya Mama Perpétue, sisi wote tuliisikia. Tafuta yako. Mungu hana choyo."

Kwa wiki tatu Domitille hakuridhika na kitu. Malisho aliyasamehe, ng'ombe aliwasamehe, waliomuua Onésime aliwakabidhi kwa Bwana pamoja na majina yao. Kumbe yote hayo aliyaweza kwa sababu alikuwa na hadithi nzuri ya kuyaeleza. Akipiga magoti kuomba, aliyekuja ni Perpétue, na zile zaburi za kuvunja meno ya adui zilimjia bila kufungua kitabu.

Jumapili ya wageni, Perpétue aliombwa kurudia. Alirudia, na macho mekundu ya askari sasa yalikuwa mawili. Alipomaliza, mgeni mmoja wa Kalengera, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliinua mkono.

"Samahani, mama. Mimi nilikimbia mara mbili, njo maana nauliza. Mugongo ilikuwa na fromaji. Sasa mutoto wako mwenyewe ulimubeba wapi?"

Perpétue alifungua kinywa. Sehemu hiyo hakuwahi kuambiwa. Hakuna aliyewahi kuambiwa. Akaangalia benchi la tatu, alipokaa Domitille.

Domitille alikuwa ameuombea ukimya huo wiki tatu. Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu. Akasimama.

"Alitembea," alisema. "Alikuwa na miaka tatu. Alitembea mpaka Sake, mimi namukokota na mukono, sababu mugongo ilikuwa na kazi ya baba yake. Akalia. Nikamuambia anyamaze, ataamsha mutoto."

Mchungaji alitafuta ukurasa. Perpétue alishuka akakaa benchi lililokuwa karibu, la wanaume, na hakuomba msamaha siku hiyo wala nyingine.

Njiani kurudi, Joyeuse, ambaye alikuwa ameimba kwaya na kusikia yote, alitembea kando ya mama yake bila haraka.

"Ulizani nilisahau? Miguu ilikuwa yangu."

"Na hukuniambia kitu."

"Ulikuwa unapenda ile hadithi, mama."

"Hukunichukia?"

Binti aliruka jiwe moja kwanza. "Nilichukia fromaji," alisema. "Lakini mingi nilikula mimi."

Domitille hakuwa tena na ushuhuda, maana uliobaki haufai sikukuu yoyote. Rafiki pia hakuwa naye. Alishika mkono wa binti yake kupita penye mawe makali, Joyeuse akamwachia aushike, na kwa hatua kadhaa Domitille alijikuta hadai kitu kwa mtu.