Mbeba Fimbo wa Msambweni

Kubeba fimbo moja ya kuvulia hata mtoto anaweza. Lakini kubeba sita au saba kwa pamoja, kila moja ndefu kuliko mwenye kuibeba, na mashine zake za kuzungushia mshipi zikining'inia ubavuni, ukateremka nazo ngazi za mawe hadi majini bila kuvunja ncha wala kumgusa mtu, hiyo ni kazi. Hapa Msambweni kazi hiyo ilikuwa ya Shutu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Watu walimcheka kwamba mtu mzima mwenye mvi analipwa kubeba vijiti vya wageni. Nami nilimcheka, mpaka nilipomwona akifanya.

Zamani alikuwa mvuvi wa malema, ile mitego ya kusukwa inayozamishwa baharini. Mgongo ulipokataa kuinua malema, mwenye boti ya wageni akampa ufunguo wa ghala lililo juu ya mwamba, hatua chache kutoka kwetu, na kumwambia azitunze fimbo kama wanawe. Akazitunza. Ndoana alizitoa zote na kuziweka katika mkebe, zikashuka mkononi mwake, mbali na fimbo. Fimbo alizipanga na kuzifunga kwa ukili aliousuka mkewe Twaiba, chini, katikati na karibu na ncha. Halafu akazipandisha begani, vishikio mbele, ncha nyuma. Ukitanguliza ncha, alinieleza, utazichomeka mchangani au utamchoma mwenzio aliye mbele. Ncha zikikaa nyuma, hata ukijikwaa, kinachogonga chini ni kishikio.

Ila ncha zikiwa nyuma huzioni. Kwa hiyo Shutu alitembea wa mwisho siku zote. Wageni mbele, mabaharia mbele, vikapu vya chakula mbele, yeye nyuma ya wote, na nyuma yake asiwepo kiumbe. Mtu akimwita kutoka nyuma, alisimama kwanza, akateremsha vishikio mpaka chini, akausimamisha mzigo wima mfano wa mlingoti, ndipo akageuka. Nimemwona akifanya hivyo hata kwa mbuzi aliyelia.

Na kuitwa aliitwa sana, kwa sababu Shutu ni mtu wa salamu. Kwetu kumjibu mtu mzima huku umempa mgongo ni kumvunjia heshima, na wengi wetu tunapokuwa na haraka tunajifanya hatukusikia. Shutu hajui kujifanya. Akikutana nawe atakuuliza hali yako, ya watoto, ya mgonjwa wako, ya paa lako lililovuja masika iliyopita. Twaiba akimtuma chumvi asubuhi, mchuzi tumeshaula bila chumvi ndipo anatokea, anatabasamu, ana habari za mtaa mzima. Nilikuwa nikimwambia Twaiba, "Mumeo angefaa awe chifu." Naye akicheka, akiendelea kusuka.

Twaiba mwenyewe ni mpole kupita kiasi. Mimi sina simile, na wanaonijua wanajua. Yeye sauti yake huisikii mpaka uketi karibu. Mikeka yake watu waliifuata kutoka Ukunda kwa ajili ya rangi, kwa maana alijua kuweka zambarau kando ya kijani mpaka jicho likatulia. Mumewe hakuwahi kumwita kwa jina njiani, wala yeye hakumwita mumewe. Walikuwa Baba Fauzia na Mama Fauzia, hata binti yao huyo Fauzia alipokwisha olewa akaenda zake Lunga Lunga.

Siku yenyewe maji yalikuwa yakikupwa kwa kasi. Nahodha wa boti, kijana anayeitwa Swabir, alikuwa amechelewa kuwapakia wageni na aliogopa boti isije ikakalia mchanga. Alipanda ghalani mbio. Nilikuwa mlangoni kwangu, kila neno nililisikia.

"Mzee Shutu, leo zishushe na ndoana zake. Wageni wanataka wakifika watupe tu."

"Mwanangu, ndoana hushuka na mkebe."

"Leo mkebe hatuna wakati nao, mzee wangu. Maji yatatuacha."

Shutu hapendi mabishano. Alizifunga ndoana, akaitia kila moja katika pete ya fimbo yake na kuukaza mshipi, akazijaribu kwa kidole. Kisha akabeba, akaenda, na simu yake akaisahau juu ya kiti cha uani kwake.

Swabir alipofika chini akaanza kupiga simu hiyo. Ikalia, ikalia tena. Twaiba akaipokea, akasikia mtu anafoka kwamba mzee aharakishe, akajitanda mtandio akamfuata mumewe. Alimkuta ameanza kushuka zile ngazi, mahali ambapo mwamba uko mkono wa kulia na ukuta wa nyumba ya wageni uko mkono wa kushoto, na nafasi katikati ni ya mtu mmoja. Alijua kama tunavyojua sote kwamba nyuma ya Shutu hapatembewi. Lakini mwanamke mwenye adabu zake hampigii mumewe kelele njiani. Akasogea ili amwambie taratibu, kwa sauti yake ile ile ya ndani. Shutu hakujua kama yupo.

Na pale juu, akitoka chuoni kwake, akasimama Maalim Abdulwahab, aliyemfundisha Shutu alifu akiwa mdogo.

"Asalaam aleikum, Shutu!"

Kwenye ngazi hakuna pa kuteremshia vishikio, maana mbele ni shimo. Swabir anaita kutoka chini. Maalim anangoja kutoka juu. Shutu akaweka mkono wa kulia kifuani, akageuka nusu ili ajibu. Mzigo mzima ukageuka naye. Ndoana moja ilikuwa imechopoka katika pete yake bila yeye kujua, ikawa inaning'inia nchani.

Alijibu salamu yote, mpaka wabarakatuh, kabla hajaona ilikoingia.

Sitaeleza ile damu. Nilifika nikamkuta Twaiba ameketi kwenye ngazi, kiganja usoni, anasema, "Si kitu, si kitu, msimtishe." Na Shutu ameshika fimbo ile isitikisike, na hakuna aliyethubutu kukata mshipi isipokuwa mimi, kwa kisu nilichokuwa nikimenyea muhogo.

Katika hospitali moja kubwa ya Mombasa ndoana ilitolewa, jicho la kushoto likawa halioni. Daktari akatuweka kitako sote watatu, Shutu, Twaiba na mimi, akatueleza bila kuficha. Jicho hili limekufa, alisema. Likiachwa humo, mwili unaweza kuanza kulipiga vita hata lile zima. Si lazima itokee, lakini ikitokea, kulirudisha ni kazi ngumu. Afadhali litolewe mapema, huyu mama abaki na jicho moja la kumtosha maisha yake. Nendeni mkazungumze nyumbani, mrudi upesi.

Wakaenda nyumbani. Hawakuzungumza.

Hapa ndipo hasira zangu zinapoanza, na bado hazijaisha. Nilikuwa nikiwasikiliza kutoka upande wangu wa ukuta. Chai umeinywa? Nimeinywa, alhamdulillahi. Dawa umetia? Nimetia. Umelala vyema? Nimelala. Walihurumiana mpaka kero, na la jicho halikutajwa na yeyote. Maalim Abdulwahab alikuja kulia uani kwao, akaomba radhi kwa salamu yake, na Shutu akamliwaza! Nikamwambia Maalim, "Sasa salamu nayo imekuwa dhambi? Waambie hawa wende hospitali, hilo ndilo la kuomba." Akanitazama kana kwamba nimetukana. Alisema mambo ya mke na mume hayaingiliwi.

Mimi nikaingilia. Nilimvizia Shutu ghalani, akipanga mikebe ya ndoana. Baada ya ajali Swabir hakuthubutu tena kumhimiza, na sasa kila ndoana ilikuwa na kifuniko chake.

"Mwambie mkeo akalitoe," nikamwambia. "Unangoja nini?"

"Bi Esha," akasema, "mimi ndiye niliyelitoboa. Leo tena nimwambie likang'olewe? Nitamtazama na uso gani? Akitaka mwenyewe, nitauza hata mlango nimpeleke."

"Hajui kutaka huyo! Mwambie!"

"Siwezi kumlazimisha kitu juu ya mwili wake baada ya haya. Nisamehe."

Nikaenda kwa Twaiba. Alikuwa amejitanda mtandio ukamfunika nusu ya uso, kama alivyozoea kukaa siku hizo hata ndani ya nyumba. Nikampa vidonge vyake vyote vya maneno. Nilimwambia jicho lililokufa halina faida, nikamwambia daktari hakusema kwa mchezo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Baba Fauzia hajasema kitu," akajibu.

"Umngoje yeye? Jicho ni lake?"

"Tuyaache, Bi Esha. Yana wakati wake."

Mfungo ukaingia, wakasema tufunge kwanza. Idi ikaja, Fauzia akaja na wajukuu, akaambiwa mama anaendelea vizuri na dawa. Nilitaka kupasua mbarika mbele ya binti. Twaiba akanishika mkono chini ya meza, akanibana kwa nguvu ambayo sikuijua anayo, nami nikanyamaza mpaka nilipopata nafasi ya kumvuta Fauzia jikoni. Fauzia akalia, akaenda kwa baba yake, na baba yake akamwambia wataenda, inshallah, mama akiwa tayari. Akaenda kwa mama yake, na mama yake akamwambia wataenda, inshallah, baba akiona inafaa. Akarudi Lunga Lunga na ahadi mbili.

Kisha mwanga ukaanza kumuudhi Twaiba. Alihamisha kazi yake kutoka uani hadi chumbani, akisema jua limezidi. Mteja akarudisha mkeka, eti zambarau imekatika njiani ikaingia nyeusi. Nilipouona mkeka ule nikajua jicho la kulia nalo limeanza. Nikamchukua Twaiba siku hiyo hiyo, bila kumuuliza yeye wala mumewe, na Shutu akatufuata nyuma kama mtu anayekwenda kuzika.

Daktari alikuwa yule yule. Hakutugombeza, na ningependa angetugombeza. Alisema ni lile alilotuonya. Dawa zilitolewa nyingi, za kutia na za kumeza na za sindano, zikamvimbisha uso, zikamkosesha usingizi. Jicho la kulia likawa linaona ukungu, halafu vivuli, halafu mwanga wa mlango ulio wazi tu. Siku moja nilimkuta amekaa kauelekea ukuta, ananiambia leo mawingu ni mazito. Jua lilikuwa likiwaka kwelikweli.

Shutu aliacha fimbo. Anafua, anapika, anamwongoza mkewe chooni na kumsubiri nje akikohoa ili ajue hayuko peke yake. Anapika vibaya, Mungu amsamehe, lakini anapika.

Juzi nilikuwa uani kwao tukichambua mchicha, mimi na Shutu, na Twaiba ameketi mkekani kati yetu, mtandio mabegani. Siku hizi hajifuniki uso tena. Ghafla Shutu akasema, akiutazama mchicha, "Laiti ningekwambia siku ile tuliyotoka hospitali. Laiti ningekwambia ukalitoe."

Twaiba akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Ungeniambia, ningekwenda siku ile ile."

"Ungekwenda?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Niliacha mchicha. Shutu akamuuliza, taratibu sana, kwa nini basi hakusema yeye. Twaiba akaupapasa ukingo wa mkeka.

"Niliona nikitoka pale na tundu usoni, kila atakayenitazama atakuona wewe," akasema. "Likibaki, nalifunika kwa mtandio, watu watasahau. Nilitaka wasahau, Baba Fauzia. Wasikuseme."

Shutu aliitikia kwa kichwa polepole, mara moja, halafu tena, machozi yakimshuka ndani ya ndevu, na mikono yake imejaa majani. Aliendelea kuitikia kwa kichwa akimtazama mkewe, kama mtu anayekubali kila kitu anachoambiwa.

Twaiba alingoja. Akainua mkono, akapapasa hewa mbele yake.

"Baba Fauzia? Upo?"

Shutu akaitikia kwa kichwa tena.

"Yupo," nikasema mimi. "Yupo hapa, Twaiba. Anakusikia."