Kikombe cha Mkaguzi

"Ukaguzi wa Usalama wa Maji ya Kunywa, Bweni la Wanafunzi wa Kigeni." Ndivyo ilivyoandikwa fomu ya mkaguzi aliyetujia hapa Guangzhou wiki iliyopita. Alijaza kichupa chake kwenye birika kubwa la umeme tunapojazia chupa zetu za chai, maji yakitokota.

Mwanafunzi mwenzetu wa Tanga, ambaye mwanawe alikuwa akiharisha kwa siku ya nne, akamwambia kwa Kichina: "Mzee, pima na ya bomba. Ndiyo ninayooshea vyombo vya mtoto."

"Ya bomba si ya kunywa, dada. Hayamo kwenye fomu."

"Haya, karibu maji basi, umechoka." Akakinga kikombe pale pale bombani, akampa.

Mkaguzi akakipokea kwa mikono miwili, kama adabu ya kwao inavyotaka. Akakitazama. Hakunywa.

"Mbona hunywi, mzee? Au mpaka fomu iruhusu?"

Akacheka kidogo, akatoa kichupa cha pili, akamimina humo maji yote. Nimeona fomu nyingi zikishinda hoja na machozi. Hii ilishindwa na kikombe cha mgeni.

Jumatatu hii, majibu ya kichupa cha pili yalipotoka, tangi la juu ya paa linalolisha bomba lilifunguliwa. Ndani mlikuwa na njiwa aliyeoza.