Kijiti cha Petroli

Kila asubuhi dereva wa lori la shamba alitumbukiza kijiti cha mchai ndani ya tangi kupima petroli, akakitoa, akakinusa kama mpishi anayenusa mchuzi, kisha akakichomeka nyuma ya sikio. Kwenye mteremko alizima injini, lori likateremka lenyewe mpaka mtoni huku akipiga mluzi. Hapo, kabla ya kuupanda mlima wa ng'ambo, alisimama na kutugeukia sisi wachuma chai tuliokaa nyuma juu ya magunia. "Akina mama, shukeni. Chai ipande, miguu itembee." Hata Mama Ajwang, na goti lake bovu, alitembea akimtukana kwa Kijaluo, naye akicheka.

Mwezi ule meneja alisema lori linakunywa petroli mno, afadhali arudishe ng'ombe wa mkokoteni, wao hula nyasi tu. Siku moja akapanda mbele ajionee. Mtoni dereva akavua kofia, akamfungulia mlango. "Bwana, hapa sisi hushuka." Meneja akautazama mlima, akashuka. Alipofika juu akihema, dereva alikuwa ameshapima, na kidole chake kiko kwenye kijiti. "Wewe peke yako, bwana, umetuokolea petroli nusu kidole." Meneja alicheka mpaka akakaa chini. Ng'ombe wakaendelea kula nyasi zao bila wasiwasi.