Kwa Maman Eulalie, Tikiti Halikatwi kwa Mtu Mmoja

Jua la kiangazi limeinama juu ya mabati ya mtaa wa Cimpunda, na vumbi la barabara limeshafika hadi kwenye kope za wapita njia. Maman Eulalie analigonga tikiti maji kwa kidole, anatega sikio, kisha analirudisha juu ya gunia. Kisu hakigusi.

"Maman, kata basi," anasihi Jacques, kijana wa pikipiki, koo limemkauka.

"Muko babili tu. Ngoya bengine."

"Nikikufa hapa?"

"Tutakata ile ya matanga."

Papa Ezéchiel, fundi viatu ambaye amekuwa wa kwanza kufika, anacheka hadi msumari unamtoka mdomoni.

Hiyo ndiyo sheria ya meza hii tangu mama huyu alipoanza kupokea matikiti, ambayo hapa huitwa pasteke, kutoka bonde la Ruzizi, yanayopanda kwa lori kupitia Nyangezi. Hana jokofu. Tikiti likifunguliwa kwenye joto na vumbi, haliwezi kusubiri; kwa hiyo wanaosubiri ni watu. Wakitimia wanane, kisu kinaingia. Na moyo wa tikiti, ile nyama ya katikati isiyo na mbegu, hupewa aliyengoja kuliko wote.

Kiangazi hiki sheria hiyo imeyumba. Ng'ambo ya barabara, Sumaili, mfanyabiashara wa familia iliyotoka Uvira, amenunua jokofu na sasa anauza vipande vya baridi vilivyokatwa tayari. Wateja walianza kuvuka. Binti yake Eulalie, Aimée, akamsihi mama yake naye akate mapema, la sivyo meza itakufa.

Wiki iliyopita alikubali. Alikata asubuhi, akapanga vipande kwenye sinia. Watu walichukua, wakalipa, wakaenda zao.

"Nilimaliza yote," ananiambia mimi niliyekuja kuandika habari zake, akipangusa kisu kwa kanga. "Lakini hakuna mutu aliniuliza hata habari ya watoto. Walikula kama banakunywa dawa. Nikarudi nyumbani nikajisikia sikufanya kazi."

Leo, basi, amerudia sheria yake, na hajui kama kuna atakayengoja. Akishindwa, ameshamwahidi Aimée kwamba kesho sinia litarudi.

Salwa, muuza vitambaa, anafika. Anafuata Monique na dada zake wawili, wakitoka kusali. Halafu mwalimu mmoja mwenye mkoba. Wanahesabiana kwa macho: saba. Dakika zinapita. Mwalimu anatazama saa yake. Jacques anawasha pikipiki, anaizima tena.

Ng'ambo, mlango wa duka unafunguka. Sumaili anavuka barabara, mikono nyuma.

"Frigo yako imelala?" Salwa anamchokoza.

"Iko inatembea muzuri. Pasteke iko baridi kabisa." Anavuta pumzi. "Lakini kule nakula nikiangalia ukuta. Kicheko chenu kinanifikia hadi kwenye kaunta."

Maman Eulalie anahesabu: wanane. Anashika kisu. Ganda linapasuka kwa mlio mkavu, wekundu unafunguka, na harufu yake nyepesi, kama ya mvua iliyonyesha mbali, inawasogeza wote mezani. Wanakula wameinama mbele ili nguo zisichafuke. Maji yanawatiririka hadi kwenye viwiko. Mwalimu anatema mbegu mbali kuliko Jacques, na wanadada wanampigia makofi.

"Moyo ni wa nani?" anauliza Sumaili.

"Wa Papa Ezéchiel. Amengoya tangu asubuhi."

"Basi kesho mi nakuya wa kwanza. Duka atabaki nalo muke wangu."

Aimée, aliyekuwa akitazama kutoka pembeni, analichukua sinia na kulifudikiza chini ya meza.

Nilipomuuliza Maman Eulalie kama angependa jokofu kiangazi kijacho, alitikisa kichwa kwa fahari ya mtu ambaye meza yake imesimama.

"Mi nataka benchi. Ya mbao nzito, ya batu munane. Na wa tisa akikuya, basogeleane."