Ndoto ya uongo niliyompa Mama Elisha

Ndugu zangu, mimi ni mkosaji. Nalisema hili mwanzoni kabisa, ili usije ukanionea huruma bure ukifika katikati. Nilimdanganya mama mwenye uchungu, na uongo wenyewe nikaupa jina la Mungu. Eh! Hata sasa ninapoandika, mkono hautetemeki. Njo, yaani ndiyo, shida yangu hiyo. Kwa muda mrefu hakuna kitu kilichokuwa kinatetemeka ndani yangu.

Majina nimebadilisha. La kwangu uliache tu. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, watu waliniita Papa Ndoto, ingawa hata ndevu sina. Ni kwa sababu nilikuwa naota sana, na kila asubuhi pale kwenye bomba la maji nilikuwa nasimulia. Nimeota nina duka Lilongwe. Nimeota ndege ya pale uwanja wa Lumbadzi imetua katikati ya kambi, rubani anauliza, "Nani anarudi kwao Uvira?" Wamama walicheka mpaka ndoo zikafurika.

"Papa Ndoto, na mi ulinipatia kiti?"

"Ndiyo mama, karibu na dirisha!"

Nilikuwa mtu wa furaha. Shule niliiacha kule kwetu vita ilipokuja, lakini furaha sikuiacha.

Jirani yetu alikuwa Mama Elisha, mjane kutoka upande wa Fizi kule kwetu, fundi wa kushona. Siku bunduki zilipofika kwao watu walikimbilia ziwani, na katika ule msukumano mkono wa mwanawe Elisha ulichomoka kwenye mkono wake. Mtoto alikuwa umri wangu. Mama alivuka na watu wengine mpaka Tanzania, akauliza kambi kwa kambi, akateremka mpaka Malawi akiuliza. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyemzika.

Na kwetu, mtu ambaye hajulikani alipo huwezi kumkalia kilio. Utawasha moto wa nini? Watu watakaa nje ya nyumba yako wamlilie nani? Basi mama alikaa hivyo hivyo, hayuko upande wa wanaolia wala upande wa wanaocheka.

Msimu mmoja wa mvua akavunjika moyo. Aliacha cherehani, akaacha kanisa, akalala kwenye mkeka akiangalia ukuta. Dada yangu akanipa sahani ya bugali, ile Wamalawi wanaita nsima, na usipa pembeni, vile visamaki vya ziwani. "Mupelekee Mama Elisha. Usirudishe, hata akikataa."

Nikaingia. Hakugeuka.

"Weka chini, mutoto yangu. Mungu amesahau jina yangu. Amesahau kabisa."

Jamani! Moyo wangu ni mwepesi, hata kuku akichinjwa mi naondoka. Nilitafuta neno la kumpa, sikupata. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama, mi nilimuota Elisha."

Akageuka. "Wapi?"

"Hapa hapa. Anakuja kwa barabara ya Dowa. Anauliza nyumba yenye mulango wa bluu."

Mlango wake ulikuwa wa bluu, ndugu yangu. Nilikuwa nimetoka kuupita.

"Alivaa nini?"

"Shati nyeupe."

Akakaa kitako. "Ilimutosha?"

Swali lile sikulitegemea. Ili ionekane kweli, nikasema, "Mikono ilikuwa mifupi kidogo, mama."

"Njo Elisha!" Akapiga makofi. "Mikono yake ni mirefu kama ya baba yake!" Akavuta sahani akala. Akala yote, akalamba vidole. Nami nikatoka nje najiona kama malaika.

Siku ya Mungu alisimama kanisani akatoa ushuhuda. "Mungu amemuonesha huyu kijana mutoto yangu!" Vigelegele, ngoma, haleluya! Pasta akaniita mbele watu wanione. Ningeweza kusema kweli pale pale. Nilitabasamu. Ilikuwa tamu, nisikufiche!

Kesho yake mama aliniita. Alikuwa amekata kitambaa cheupe.

"Simama hapa nikupime. We na Elisha mulizaliwa musimu mumoja, munakomaa pamoja."

Nikanyoosha mikono. Utepe wake wa kupimia ukapita mabegani, kifuani, mpaka kwenye kiwiko na kifundo. "Nitaongeza mikono," akanong'ona. Hakuwa anasema nami.

Toka hapo, kila Noeli ikikaribia anaifumua shati ile na kuniita tena. Mabega yangu yamepanuka, anaongeza kitambaa. "Eh, Elisha anakuwa mwanaume!" anasema, akinitazama kifuani, si usoni. Nilisimama kama mti wa kutundikia nguo. Mara ya kwanza nilijisikia vibaya. Mara iliyofuata nilifumba macho. Baadaye sikusikia kitu. Njo pale ganzi ilianzia, mikononi, palipokuwa panapita ule utepe.

Sasa sikiliza nilipokosa zaidi.

Mama Elisha alikuwa na mdogo wake Lilongwe, Mama Neema, anayeuza vitenge soko la Old Town. Alikuja kumchukua dada yake. Alishuka kwenye kabaza, ile baiskeli ya kukodi, hata pumzi hajavuta, akaizunguka nyumba moja kwa moja. Ukuta wa nyuma ulikuwa umevimba kwa mvua, umeegemezwa kwa miti.

"Dada, hii ni nyumba ao ni mugonjwa? Ona, inatembelea fimbo!"

"Inasimama."

"Inasimama kwa nguvu ya nani? Funga vitu. Iko chumba kwangu, mashini ya kushona tutapandisha kwa minibasi. Twende."

"Na mutoto akikuja, atagonga kwa nani?"

"Atauliza! Si iko na mudomo?"

"Atauliza mulango wa bluu." Akanigeukia. "Papa Ndoto, ambia mama yako mudogo. Mulango ulikuwa rangi gani?"

Wote wawili wakanitazama. Ole wangu! Mungu alikuwa ananiwekea nafasi mkononi. Ningesema tu: mama, sikuota, nenda zako. Basi. Lakini niliutazama uso wake, ule uso ulioamka siku ya bugali, nikaogopa usije ukalala tena.

"Bluu, mama."

Mama Neema akachukua sakoshi, ule mkoba wake, aondoke. Akipita karibu nami akasema kwa sauti ya chini, "Kijana, Mungu akikuonesha tena, mwambie akuoneshe na ule ukuta."

Ukuta ulianguka mvua kubwa iliyofuata, mchana, watu wakipika. Mama alikuwa kwenye cherehani. Tulifukua kwa majembe, halafu kwa mikono. Tulimtoa hai, lakini mkono wa kulia ulikuwa umebanwa kati ya matofali na chuma cha cherehani. Akapelekwa hospitali Lilongwe. Kidonda kilipona. Vidole havikunjiki tena. Mshona nguo, Mungu wangu, na vidole havikunjiki!

Nyumba yote ililala chini. Mlango wa bluu njo ulibaki umesimama peke yake.

Watu walilia. Mi sikulia. Niliteka maji, nilikula, nilisema ndiyo na hapana. Bombani wakaniuliza, "Papa Ndoto, leo umeona nini?" Nikasema sikuota, na ilikuwa kweli. Ndoto zote zilikatika. Kanisani niliimba, mdomo unafunguka na kufunga kama wa samaki. Nilijaribu kuomba, nikaona ni kama kumsalimia mtu niliyemwibia.

Mwishowe nikapanda kabaza mpaka barabara kubwa, nikashika minibasi ya Lilongwe. Pale Lumbadzi ndege ilikuwa inashuka. Sikuinua hata kichwa.

Nilimkuta Mama Elisha kwa mdogo wake, amekaa kwenye kigoda, mkono umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Nikapiga magoti.

"Mama, sikumuota Elisha. Hata siku moja."

Mama Neema alikuwa anakunja vitenge, vikamponyoka. "Nilijua! Mushenzi we! Dada yangu amekuwa kilema juu ya mudomo yako! Toka!" Akavua kandambili akanipiga nayo begani. Sikusikia maumivu.

Mama Elisha akainua ule mkono mzima, mdogo wake akashusha kandambili.

"Mulango wa bluu?"

"Niliuona nikiingia kwako."

"Na shati? Na mikono mifupi?"

"Nilizua, mama."

Akageukia ukuta, kama zamani. "Nenda," akasema.

Niliporudi kambini nilimwambia pasta, halafu kanisa zima. Walinitoa kwenye kwaya. Bombani wamama walinyamaza nikifika, na jina la Papa Ndoto halikuitwa tena. Baba yangu aliniambia neno moja tu: "Nilikuwa napita mbele ya bantu, watu bote, kichwa juu." Nilistahili. Nilijua nastahili, lakini hata hilo nililijua kwa kichwa tu.

Ukapita muda. Siku moja mtu aliyetoka sokoni Lilongwe akaniletea ujumbe: Mama Elisha anakuita. Nilidhani anataka kunilaani vizuri. Nikaenda, maana hata laana ingekuwa kitu cha kusikia!

Alikuwa ameketi kando ya cherehani yake. Walikuwa wameinyoosha, imebaki na makovu.

"Kaa," akasema. "Si chini. Kwa kiti. Siku ile nililala kwa mukeka, uliniletea nini?"

"Ndoto, mama. Ya uongo."

"Mbele ya ndoto."

Ilibidi nifikiri. "Bugali."

"Bugali na usipa. Ile siku nilikuwa nimemwambia Mungu: kama unanijua bado, unioneshe. Na mulango ikafunguka, bugali ikaingia, ingali moto. Ile haikuwa ya uongo. Mungu alikutuma na bugali. Ndoto uliongeza we mwenyewe."

Nikaitazama mikono yangu.

"Na mi nikashika ya uongo, nikasahau ya kweli. Miaka yote nilingojea mulango, kumbe Yeye alikuwa anakuja kila siku. Maji alileta. Kazi alileta. Bantu ba kunitoa mu matofali alileta. Baliniambia hata we ulichimba mpaka kucha zikatoka. Mungu hakunidanganya, mutoto yangu. Ni we ulinidanganya." Halafu akacheka kidogo. Alicheka, ndugu zangu! "Sasa ona. Kazi yote ingali mu kichwa yangu, vidole hakuna. We iko na vidole, kichwa njo hakuna. Weka mguu hapa."

Njo hivyo nilianza kushona. Yeye anaelekeza kwa mdomo, mi nakanyaga.

"Polepole! Hiyo si kabaza!"

Nilishona vibaya, akanifumulisha. Nilishona tena. Na siku moja sindano ikapita kwenye kidole changu. Nikapiga kelele! Damu ikatoka, na nyuma ya damu machozi, na hayakuwa ya kidole. Nililia kwa ajili ya ukuta. Nililia kwa ajili ya mkono wa mama. Nilimlilia Elisha, ambaye nilimwazima mwili wangu kwa miaka na sikuwahi kumlilia hata mara moja. Nilikuwa nasikia! Mama Neema, ambaye mpaka leo hanisalimii vizuri, alileta kipande cha kitambaa akanifunga kidole.

"Lia," akasema. "Lakini usichafue kitenge ya bantu."

Sitadanganya tena, kwa hiyo sikuambii kwamba nimepona. Ganzi inarudi, hasa ikinyesha. Elisha hajaonekana. Redio bado inataja vita ya kwetu. Vidole vya mama havikunjiki. Lakini nikiamka nasema, "Bwana, na leo uko." Sisemi zaidi. Halafu naangalia siku inavyokwenda, na mpaka jioni sijakosa kuona kitu alichotuma, hata kama ni kidogo, hata kama kimeletwa na mtu aliyekasirika.

Ile shati ilitoka kwenye matofali, imegeuka rangi ya udongo. Mama aliifua kwa mkono mmoja. Noeli ilipokaribia nikamuuliza, kwa woga, kama tuifumue tena, maana mabega yangu yalikuwa yameongezeka.

Akaikunja polepole.

"Hapana. Hatupimi tena kwako. Mungu akimuleta, tutamupima yeye mwenyewe."

Basi wenzangu, hasa ninyi wenye moyo mwepesi na mdomo mwepesi kama mimi, nawasihi! Mtu akilia mbele yako, usimtungie neno la Mungu. Utamwona anaamka, utafurahi, na kumbe umemfungia chini ya ukuta. Mpelekee bugali ingali moto, kaa naye, unyamaze. Mungu anajua kusema mwenyewe.