Picha ya Wandera Akiwa Amelala

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga picha kumi na mbili, na saba kati ya hizo hazikuwa na vichwa. Mwenye Studio, mzee mnene wa upande wa Kenya aliyevaa tai hata jua la Busia lilipokuwa linachoma, alizipanga mezani, akazitazama moja moja, kisha akaniuliza kwa upole, "Okoth, hawa watu walikuja na vichwa vyao?"

"Walikuja navyo, mzee."

"Basi kesho uwarudishie."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kupiga picha barabarani. Ninyi mliozaliwa mkikuta simu hamtaijua, kwa hiyo nitawaeleza. Picha za wakati wetu zilikaa kwenye filamu, utepe uliojiviringisha ndani ya kamera, na utepe mmoja ulikuwa na nafasi thelathini na sita. Zikiisha, unaingia chumba cha giza, unaiosha filamu kwa dawa, unapata negativu, ile picha iliyogeuka ambayo nywele zake ni nyeupe na meno ni meusi. Kutoka hapo ndipo unachapa kwenye karatasi. Filamu haikuoshwa nusu. Kama zimebaki nafasi mbili, unatafuta watu wawili.

Nilisimama karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, geti nimelipa mgongo, kwa sababu askari hawakutaka kamera ielekee kule. Ndiyo maana katika picha zangu zote za Busia watu wanakuja, hakuna anayekwenda. Akipita mama na gauni jipya la gomesi, au bwana aliyetoka kununua viatu, ninamwomba, ninampiga picha, ninampa tikiti yenye namba. Kesho yake anaifuata picha studio. Wengine hawakuja kabisa. Walivuka mpaka na nyuso zao zikabaki kwetu, nasi tukazibandika kwenye ubao uliokuwa mlangoni ili wapita njia wajue kazi yetu.

Mwenye Studio alinipa amri mbili tu. Ya kwanza: uso una mwenyewe, kwa hiyo omba. Ya pili: usimpige picha mtu aliyelala. Hiyo ya pili niliona ni ushamba wa wazee. Nusu ya kazi yetu ilikuwa misiba, ambako familia husimama kuzunguka jeneza lililofunguliwa na wewe unapiga. Kwa watu wa pande hizi, mtu aliyefumba macho kwenye picha alikuwa ni marehemu, basi. "Aliyelala hajakukubalia," alisema mzee, "na ndugu zake wakimwona hawatakuuliza." Nilimwitikia, lakini moyoni nilicheka.

Baada ya miaka minne nilihamishiwa tawi la Tororo, ndani ya Uganda, chini ya Meneja wa Tawi, mama mmoja wa Kiteso ambaye hakucheka kabla ya saa nne asubuhi. Naupenda mji ule mpaka leo. Asubuhi ule mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji ulikuwa unaweka kivuli juu ya nusu ya soko, na wapiga picha wote tuligombania ile nusu yenye jua. Huko ndiko nilikozoeana na watu waliolala kwenye varanda za maduka na karibu na stesheni ya reli. Sitajisifu kwamba ilikuwa huruma. Nilikuwa namalizia filamu. Zikibaki nafasi mbili tatu nawaendea wao, kwa kuwa hawakuwa na haraka, na picha nawapelekea. Walizipenda. Mzee mmoja aliitunza yake ndani ya kofia.

Kati yao alikuwamo Wandera, mtu wa makamo, mpole, aliyebeba mizigo sokoni na kulala kwenye varanda ya duka la vitenge. Alikuwa ametoka Masaba, kule mlimani. Aligombana na baba yake juu ya shamba, akaondoka, na baba akafa kabla hawajapatana. Wandera hakwenda kumzika. "Nitaenda na uso gani?" aliniambia. Mwaka ukazaa mwaka, ikawa saba.

Asubuhi moja nilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki na harusi iliyosubiri picha zake. Nikamkuta Wandera bado amelala chali, amejifunika gunia jeupe hadi kifuani, mikono imekutana juu yake, na jua limemwangukia usoni kama lililolipwa makusudi. Nikapiga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilivunjika pale, ila sikusikia maumivu mara moja. Picha ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikaibandika kwenye ubao.

Meneja aliitazama. "Nzuri," akasema. "Toa."

"Kesho, mama."

Kesho hiyo haikufika. Siku chache baadaye nilirudi kutoka sokoni nikakuta nafasi tupu kwenye ubao. "Mama moja imekuja hapa kupiga pasipoti," Meneja akanieleza. "Ameona ile picha, amelia, amesema ni mtu ya kwao Masaba. Nikamwambia ngoja fundi, hakungoja. Ameenda nayo." Nilifurahi. Nilidhani ndugu watakuja kumchukua Wandera, na hata yeye sikumwambia, nikitaka ashangae.

Wiki iliyofuata tuliitwa Masaba kupiga picha za mazishi. Nilifika nikakuta watu wamejaa uwanja mzima, na mbele yao meza yenye kitambaa cheupe na maua. Katikati ya maua ilikuwa picha yangu.

Mzee mmoja wa ukoo alinieleza kwa sauti ya chini, akidhani sielewi mambo ya pale. Walikwenda Tororo kutafuta mwili, wakaambiwa kwamba wafu wasio na wenyewe huzikwa na mji. Hawakuuliza zaidi, maana picha walikuwa nayo. Na kwa kuwa mwili haukupatikana, wangezika shina la mgomba badala yake, ili marehemu atulie na watu wake watulie. Shina lenyewe lilikuwa pale, limefungwa shuka kama mtu.

Asubuhi ile ile, kabla ya kupanda bodaboda, nilikuwa nimekunywa chai na Wandera.

Nilifungua mdomo ili niseme. Wakati huo huo mama yake akaletwa kwangu, ameshikwa huku na huku. Akanishika mikono yote miwili. "Ni wewe umepiga mwanangu picha? Mungu akubariki. Miaka saba nalala mlango wazi. Leo nitafunga."

Sikusema. Ningeweza kuwadanganya kwamba nilimhurumia, lakini ukweli ni kwamba niliogopa watu wale na niliona aibu, na aibu ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikainua kamera nikafanya kazi. Nilipiga waimbaji, wajukuu, wazee, shimo, shina likiteremshwa. Nilimpiga mama picha akiwa ameketi kwenye mkeka, ameshika tama, macho yake kwenye udongo. Filamu ikaisha.

Kesho yake nilimwendea Wandera na picha zote, nikamwambia kila kitu, nikangoja anipige ngumi. Hakunipiga. Aliketi kwenye ngazi za duka akazipitia moja moja, polepole.

"Huyu mwalimu yangu ya darasa la tatu," akasema. "Huyu tuligombana na yeye. Na yeye alikuja?"

"Alikuja. Alibeba upande mmoja."

Akaendelea hadi ya mwisho, akaanza tena. "Okoth, watu yote hii ilikuja kwa sababu yangu?"

"Wote, ndugu yangu."

Alizipanga picha juu ya magoti. "Mimi nilikuwa nafikiri hakuna mtu," akasema. Kisha akaniambia anataka kwenda nyumbani, na kwamba mimi ndiye nitakayetangulia.

Katika kazi yangu yote, njia ile ya Masaba ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Niliwaambia wazee, wakakaa hadi mchana. Mtu aliyekwisha kuzikwa haingii kwa lango kama mgeni wa kawaida. Waliamua ua ubomolewe kwa nyuma, Wandera afukue shina lake kwa mikono yake mwenyewe, alipeleke mtoni na kuoga huko ndipo arudi. Akafanya hivyo. Aliporudi, maji yakimtiririka, mama yake alimpapasa uso wote, paji, masikio, kidevu, wala hakulia. Watu wengine tulilia kwa niaba yake.

Kisha akanigeukia mimi. "Siku ile, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Na ukanipiga picha nalilia mgomba."

"Ndiyo, mama."

"Huyu alinikosea miaka saba, nimemsamehe," akasema. "Wewe nimekusamehe pia. Lakini usinipige picha tena. Mtu yeyote asinipige."

Nilirudi Tororo, nikafanya kazi miaka mingine mingi. Filamu zilikufa, chumba cha giza kikawa stoo ya soda, na Meneja wa Tawi alistaafu bado hajacheka kabla ya saa nne. Niliendelea na watu wa varanda hadi mwisho, kila mmoja ameamka, amenawa kama anataka kunawa, jina lake limeandikwa nyuma ya picha. Sasa nimestaafu, na vijana wa simu wananiuliza siri ya picha nzuri. Nawaambia sijui. Najua tu kwamba picha mbaya ya mtu aliyekubali inalala vizuri ndani ya nyumba yake.

Mama yule alishika neno lake. Wajukuu wakiinua simu, alijifunika leso usoni. Mwaka huu Wandera alikuja kwangu, kichwa kimejaa mvi, akaniambia mama amekwenda na programu ya mazishi inahitaji picha. Ile ya kitambulisho, aliyolazimishwa na serikali, ilikuwa giza tupu, kama za vitambulisho zilivyo. Nilikuwa na moja tu, ile ya mkekani. Nilimtolea, lakini nikamwambia haifai, kwa kuwa ndiyo iliyomkasirisha mama maisha yake yote.

Wandera akaipeleka dirishani, akaishika kwa mikono miwili.

"Tutatumia hii," akasema. "Hapa mama alikuwa analilia mimi."