Nilipelekea baba mkwe mbuta wachanga Kawangware, nusura nikose mke

Wakuu niaje? Leo natoa yangu, na siongezi chumvi. Akinyi mwenyewe yuko humu, nikidanganya atanianika kwa comments.

Mimi ni Mkamba wa Soweto West, Kibera. Kwetu tulilelewa na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, mambo ya samaki nayajua juu juu tu.

Akinyi ni Mjaluo. Baba yake alivua mbuta, wale samaki wakubwa wa Lake Victoria, karibu maisha yake yote. Walipopungua na nyavu zikaanza kurudi tupu, mzee aliuza boti akahamia Kawangware kwa watoto wake.

Huko ndio nilikuwa naenda kujitambulisha. Akinyi alinionya mzee akikataa amekataa, na kuna msee alishakataliwa kabla yangu. Huyu dem nampenda vibaya, wakuu.

Sasa nikajiambia siendi na sukari na mkate kama kila mtu. Hiyo wiki nilikuwa na kazi ya kufunga solar kwa beach moja huko ziwani. Nikaomba wavuvi waende na mimi. Nilivuta wavu mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Wakanigawia mbuta wadogo wadogo, size moja, wamenona. Nikaona safi kabisa, wataingia sufuria bila kukatwa. Nikawaweka kwa cooler na barafu, huyo Nairobi.

Kupelekea Mjaluo samaki bila kuuliza mtu yeyote. Chekeni tu.

Mama Akinyi alifungua cooler, akaifunika tena pole pole, akaita mzee.

Mzee alichukua mmoja akampima na mkono. Hata kwa kiwiko hakufika. Akauliza nani amevua hawa. Akinyi akarukia haraka, akasema nimenunua kwa mama fulani wa Laini Saba, huku kwetu Kibera. Alikuwa ananiokoa, lakini huyo mama wa watu amekosa nini? Nikamwambia mzee ni mimi nilivuta wavu, na sikujua samaki anafaa kuwa size gani.

"Hawa ni watoto," akasema. "Hawajataga hata mara moja. Hivi ndivyo tulimaliza ziwa."

Nikaanza kutafuta viatu zangu na macho.

Halafu akaniuliza niliwapata wapi. Nikataja hiyo beach. Akauliza kama kwa wavu walikuwa wengi. Nikamwambia wengi sana, mpaka tulichoka kuwatoa.

Mzee akakaa chini, samaki bado mkononi. Kumbe hapo ndio alikuwa anavulia, na alitoka akijua mbuta wameisha kabisa.

"Kwani bado wanazaana," akasema. Akamwambia mama tena kwa Kijaluo, akacheka mpaka akapangusa macho. Wakuu, nilipumua.

Tuliwakula. Mama alinionyesha vile mifupa inatolewa, kama mtoto.

Kwa mlango mzee akanishika mkono. "Kuja na wazee wako. Lakini samaki usiniletee tena. Waache wakue."

Nilichojifunza: usibebee fundi kitu ya kazi yake kabla hujauliza, na ukishikwa, sema ukweli. Na nyinyi wavuvi wa humu, hao wadogo warudisheni majini.

Wazee wangu wanatoka Machakos mwezi ujao. Nimewaambia walete mbuzi.

Nani mwingine aliharibu siku ya kwanza kwa wakwe? Mwageni hapa, nisicheke peke yangu.